Gari Nililomfuatia Mama Mkwe

Mke wangu akipata mgeni, lazima amsimulie kwamba watu wengine hununua gari ndipo watafute bampa, ila mume wake alianza na bampa. Sibishi. Nililichomelea mwenyewe kwa mabaki ya bomba nene kwenye karakana ninayofanyia kazi hapa Ihumwa, nikalileta nyumbani kwa mkokoteni na kuliegemeza kwenye ukuta wa choo. Lilikaa pale kiangazi kizima bila gari, kuku wanalala juu yake. Jioni nikitoka kazini nilikuwa nakalia ndoo, nalitazama, na nyuma yake naliona gari zima: limenyanyuka juu, tairi pana zenye meno, taa kwenye paa, linakata mchanga wa makorongo kama vile linapita barazani.

“Unatazama nini?” mke wangu aliuliza.

“Gari.”

“Liko wapi?”

“Linakuja.”

Akanipa sahani yangu ya ugali, akasimama kando yangu, naye akautazama ule ukuta. Mtu wa namna hiyo utaacha kumpenda?

Na kweli lilikuja. Nilikwenda Msalato kufunga geti kwa mzee mmoja, na nyuma ya nyumba yake nikaikuta pikapu ya zamani, ya zile zinazovuta miguu yote minne. Ilikuwa imelala pale miaka mpaka mwarobaini ukaota chini yake, ukapenya sakafu iliyooza ya bodi, ukatokeza juu na majani yake. Tulikubaliana nimchomelee nondo madirisha yote ya nyumba, basi, gari langu.

“Lichukue, kijana,” mzee alisema, “ila mti wangu usiuguse.”

Nikacheka. Yeye hakucheka. Ilibidi nikate sakafu ya bodi, na hata chuma cha nyuma cha chasisi, ndipo tukalisukuma gari mbele polepole, mti ukatoka katikati kama uzi unavyochomoka kwenye sindano. Nadhani bado upo, na kivuli chake kimeongezeka.

Nililijenga uani, Jumapili tukitoka kanisani, na siku za kazi kabla jua halijazama. Darasa la saba ndiyo mwisho wangu, mchoro sina. Nilikuwa nachora kwa chaki kwenye saruji, kuku wanapita wanafuta, nachora tena. Springi nilizotia zilitoka kwenye lori, gari likapanda juu na kuwa gumu kama dawati la shule. Bomba la kuvuta hewa nililipandisha mpaka usawa wa paa, ili nikiingia kwenye maji injini isinywe. Juu ya bodi nikakunja upinde wa bomba nene, kwa kweli kwa ajili ya urembo tu, na kila nilipoukata kwa grenda, jirani yetu, dereva wa bodaboda, alichungulia juu ya ukuta.

“Fundi, huyo twiga wako atakula majani ya wapi?”

“Ya kwako,” nilimjibu. “Funga mlango.”

Fahari yangu kubwa ilikuwa viti. Lile benchi la zamani lilikuwa limeoza, makazi ya panya, nikalitupa. Badala yake nikafunga viti viwili vya gari dogo lililopata ajali, vyekundu, vyenye mabawa ubavuni, ukikaa unajiona rubani. Katikati yake nikachomelea sanduku la spana. Nilimkalisha mke wangu kwenye kile cha abiria, gari likiwa bado juu ya mawe, halina hata tairi, tukaendesha kwa midomo mpaka Kondoa na kurudi.

Wakati huo alikuwa na mimba yetu ya kwanza.

Mama yangu mimi alishatangulia mbele ya haki, na nyumbani kwetu hakuna mwanamke mtu mzima. Mama yake yeye yuko kijijini, mbele ya Bahi, ng'ambo ya korongo la mchanga. Mpango ulikuwa aje kumwuguza binti yake. Mvua zikawahi. Magari yaliyokuwa yanapita kule yakaacha kupita, na bodaboda mama mkwe hataki kuisikia: mwanamke wa umri wake apande akumbatie mgongo wa kijana? Siku moja nilirudi nikamkuta mke wangu anachambua mlenda huku analia. Si mtu wa kulia.

“Nesi anasema kuanzia wiki ijayo ni wakati wowote,” alisema. “Sitaki kujifungua mama hayupo. Hilo gari lako linakuja lini?”

Sikuwahi kuulizwa swali zuri hivyo, na sikuwahi kuogopa swali hivyo. Wiki ile nilifunga tairi na breki, nikafunga taa moja badala ya nne, rangi nikaiacha. Jumamosi asubuhi nikapakia sukari, sabuni na kanga mbili, nikaondoka. Jirani alisimama mlangoni akapiga saluti.

Jamani, gari lilikwenda! Kwenye lami lilivuma kama mashine ya kusaga, lakini nilipoiacha lami lilitulia, likajua limefika kwao. Korongoni kulikuwa na mchanga mtupu, kijito chembamba kinapita kando tu. Nilishusha gia, tairi zikauma, nikatokea upande wa pili naimba peke yangu.

“Mbukwenyi!” nilisalimia nilipofika, kwa Kigogo chetu, kisha nikainama. “Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mkwe. Umekuja na nyumba?” Baba mkwe alilizunguka gari, akaligonga bampa kwa fimbo. “Hili halitaki ng'ombe wa kulikwamua. Hili litakwamua ng'ombe.”

Mama mkwe nilimsalimia kwa mbali, nimechuchumaa, macho chini, naye akaitikia akiwa ndani, nyuma ya mlango. Kwetu ndivyo. Mama wa mke wako humpi mkono, hukai naye kiti kimoja, hamtazamani usoni. Mkikutana njiani wewe ndiye unayeingia porini. Si chuki, ni heshima, na mimi naipenda. Uso wake nilikuwa nimeuona vizuri mara moja tu, kwenye picha ya simu ya mke wangu.

Mizigo ikatoka. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu aliyekuwa amsindikize mama, ambaye yeye kunitania ni haki yake, akafungua mlango wa gari ili amwekee mama yake mto. Akachungulia. Akageuka kunitazama, mkono mdomoni.

“Shemeji. Mama atakaa wapi?”

Nikatazama vile viti vyangu viwili vyekundu, na lile sanduku katikati. Ukishika gia, kiwiko chako kinamgusa abiria. Nilikuwa nimewaza maji, mchanga, matope, mafuta, pancha. Hilo sikuliwaza. Na mke wangu, mtoto wa Kigogo kuliko mimi, naye hakuliwaza.

“Wewe ukae mbele,” nilimwambia shemeji kwa sauti ndogo, “na mama...”

“Kwenye bodi?” shemeji akapaza sauti. “Baba, sikia! Mama anapakiwa kama mbuzi!”

“Mke wangu si gunia la karanga,” baba mkwe alisema. Hakukasirika. Alisema tu kama mtu anayetaja jambo lililo wazi.

Sauti ikatoka ndani, ya upole. “Mwambieni mkwe wangu nashukuru kwa safari. Mvua inakusanyika huko milimani, awahi kurudi. Na mwanangu mwambieni namwombea.”

Yaani haji. Kichwani nilimwona mke wangu amesimama mlangoni Ihumwa, mkono kiunoni, anatazama gari linaingia na kiti kitupu. Roho iliniuma. Huko milimani kweli kulikuwa kumeanza kuwa kweusi. Ikinyesha kule, korongo hujaa hata kama huku ni jua.

Basi nikachukua spana. Sikueleza, kwa sababu ningeeleza ningejikwaa. Nilifungua kiti cha abiria, nikakitoa na mabawa yake, nikakipandisha kwenye bodi. Nikakigeuza kitazame nyuma, mgongo wake ukielekea mgongo wangu. Miguu yake nikaikaza kwa bolti kwenye sakafu mpya niliyochomelea baada ya ule mti. Baba mkwe aliona ninachofanya, akaenda kuleta kamba za ngozi, akanisaidia kukifungia na kwenye upinde. Juu ya upinde tukatandaza turubai. Ikawa kama kibanda cha mgeni rasmi.

“Na kupanda?” shemeji aliuliza. “Au twiga wako anapiga magoti?”

Nyuma ya zizi kulikuwa na kichuguu, mchwa walishahama. Nikarudisha gari kinyumenyume mpaka bodi ikagusana nacho.

“Sasa wewe tazama mbele,” baba mkwe aliniamuru.

Nilitazama mbele, mikono kwenye usukani, kama mwanafunzi kwenye mtihani. Nikasikia hatua kwenye kichuguu, kisha springi zikashuka kidogo. Kile kitako cha gari kushuka! Nilihisi kama nimepewa zawadi.

Kioo cha nyuma nilikuwa bado sijakiweka, kwa hiyo kila neno nililisikia. Yeye hakunisemesha mimi. Alilisemesha gari.

“Wewe gari,” alisema tulipotoka kijijini, “unakimbilia nini? Hata mtoto hajazaliwa.”

Nikapunguza mwendo. “Gari linaomba radhi,” niliuambia usukani.

“Limesamehewa. Kiti hiki kilikuwa cha nani?”

“Cha gari dogo, la mjini.”

“Hao wa mjini wanakaa vizuri,” alisema, na shemeji, aliyesimama ameshika upinde, akacheka hadi akayumba.

Tulipofika korongoni maji yalikuwa yameshuka kutoka milimani. Mekundu, mapana, yanakwenda bila kelele. Nilizima kelele zangu pia. Kabla ya kuingia lazima ujue kina, na kukijua lazima uingie mwenyewe, na kuingia lazima ukunje suruali. Mbele ya mkwe! Nikamshukuru Mungu kwamba kiti kilitazama nyuma. Lakini shemeji alikuwa anatazama mbele, na kinywa chake hakina breki.

“Mama, anaingia. Mama, maji yamemfika magotini.”

“Koma! Usiniambie mimi habari za magoti ya mkwe wangu.”

“Sasa yamefika mapajani.”

“Wewe mtoto, nitashuka!”

Nilirudi nimelowa, masikio yakiwaka. Chini mchanga ulikuwa bado mgumu upande wa juu, palipokuwa na mawe. Nikaweka gia ya chini kabisa, miguu yote minne, nikaingia. Maji yakapiga bampa, yakapanda mpaka kwenye taa. Katikati, tairi za nyuma zikaanza kuchimba. Gari likasimama, likatetemeka, na mkia wake ukasogea kidogo kufuata mkondo. Nikakanyaga mafuta kwa hofu. Likazama zaidi. Shemeji akaukumbatia upinde kwa mikono miwili, utani wote umemwisha.

Ndipo nikasikia sauti nyuma ya shingo yangu, karibu sana. Haikuwa inalisemesha gari.

“Taratibu, mwanangu.”

Hakuna aliyeniita hivyo tangu mama yangu aondoke. Niliachia mafuta. Nikavuta pumzi. Nikaugeuza usukani kidogo kulia, kidogo kushoto, nikakanyaga kama mtu anayekanyaga yai. Tairi la mbele likapata jiwe, likauma, jingine likafuata, na gari zima likajikokota juu ya ukingo likimwaga maji kila upande. Shemeji akapiga vigelegele. Tulikwenda hivyo, mgongo kwa mgongo.

Ihumwa nilirudisha gari kwenye lundo la mchanga wa jirani, maana yeye alikuwa anajenga, nikatazama mbele kama nilivyofundishwa. Mke wangu alipita dirishani kwangu bila hata kunitazama, na tumbo lake kubwa, anakimbia kadiri ya uwezo wake. Jirani aliacha bodaboda yake katikati ya barabara, akavua kofia. Nyuma yangu wakaanza kuongea wote wawili kwa pamoja, mama na binti, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Nilibaki pale nimeshika usukani muda mrefu. Sikuwa na haraka ya kwenda popote.

Uchungu ulianza wiki iliyofuata, alfajiri. Niliwapeleka kituo cha afya, mke wangu na shemeji mbele wamebanana kwenye sanduku la spana, nilipotandika blanketi, mama kwenye kiti chake nyuma. Wanaume tunasubiri nje. Kusubiri siwezi, nikaingia chini ya gari kukaza nati za difu ambazo zilikuwa zimekazwa.

Mchana nikaona pindo la kanga. Lilisimama hatua chache kutoka kwenye tairi.

“Wewe gari,” mama mkwe alisema, na sauti yake ilikuwa inacheza. “Ni wa kike. Na mama yake mzima.”

Nililala pale chali, spana kifuani, machozi yananitelemkia masikioni.

“Basi mwambie huyo aliye chini yako atoke,” alisema, “anawe mikono vizuri, aende akamwone mwanawe. Mimi nitapita mlango mwingine.”