Mgongo wa Punda

Ni mimi niliyeandika "mgongo wa punda". Nasema mapema, kabla hamjaambiwa na watu wa mtaa wetu wa Mabanga, maana wao wakianza kuhadithia hawaachi kitu, na kila anayehadithia humwongezea yule punda masikio. Niliandika kwa rangi nyekundu, kwa herufi kubwa, juu ya kipande cha bati ambacho kila anayeingia avenyu yetu lazima akione. Hakuna punda Mabanga. Mimi mwenyewe, umri huu wote, sijawahi kumgusa. Nimemwona katika kitabu cha katekisimu tu, amembeba Bikira Maria kwenda Misri, na hata pale alikuwa amechorwa vibaya.

Wageni wa mji huu nitawaeleza. Lile tuta linalowekwa barabarani ili pikipiki na magari yapunguze mwendo, sisi hapa Goma tunaliita dodani. Ni neno la Kifaransa tulilolimeza zima bila kutafuna. Ukilirudisha shuleni ukalikata vipande, unakuta ndani yake mgongo, halafu punda. Mtu wa kawaida hana haja ya kuyajua hayo. Anasema dodani, anapunguza mwendo, anaendelea na maisha. Lakini mimi nilimaliza sekondari. Nina diplome ya Leta, ya serikali yenyewe, ndani ya sanduku, chini ya mashuka, na diplome isiyo na kazi huwasha kama upele. Lazima siku moja utafute pa kuikuna.

Kazi yangu ni kushona. Mashini yangu iko chini ya dirisha linalotazama barabara, na nikishakaa pale asubuhi, kuniondoa ni shughuli. Mke wangu huwaambia wateja, "Bwana yangu, ukimutafuta, tafuta kwanza kiti." Sikatai. Kutoka kunanichosha. Vumbi jeusi linakuja lenyewe mpaka mezani, habari za mji zinaingia dirishani bila kubisha hodi, sasa nivae viatu niende kutafuta nini?

Na tena tumechoka. Sisemi uchovu wa kulala ukaisha. Mambo makubwa ya mji huu yanaamuliwa tukiwa hatupo, sisi tunaamka tunaambiwa. Hata mlima ukitaka kutapika haumuulizi mtu. Kwa hiyo tukipata jambo dogo la kuamua wenyewe, kama mwendo wa pikipiki katika avenyu moja, tunalishika kwa mikono miwili.

Zamani avenyu yetu haikuhitaji sheria. Ilikuwa makoro matupu, yale mawe ya volkano yenye meno, na motari, mwendesha pikipiki ya abiria, aliyejaribu kukimbia juu yake alikwenda kutafuta tairi jipya. Ubaya wa barabara ndio uliokuwa polisi wetu. Kisha watu wakajitolea kuisawazisha, wakamwaga changarawe, wakashindilia, tukapiga makofi. Kesho yake wamotari wakagundua kwamba kupitia kwetu ni karibu zaidi kuliko kuzunguka kwenye lami. Wakaanza kuruka.

Jirani yangu wa upande wa kulia ni mama mjane aliyetoka upande wa Bukavu. Anauza mandazi kwenye kona, ng'ambo ya barabara, ukutani mwa duka la dawa. Mwenye duka anamvumilia kwa sharti moja, hataki moshi kwenye ukuta wake. Basi kila asubuhi mama anawasha mbabula, lile jiko lake la makaa, uani kwake, anangoja makaa yawe mekundu na moshi uishe, anabandika sufuria ya mafuta mpaka yachemke, kisha anahama. Kwanza anavuka na mbabula. Halafu anarudi kuchukua sufuria, anavuka nayo polepole, ameishika kwa vitambaa nilivyomkatia kwenye mabaki ya iniforme za shule.

Kona ile ndiyo inayolisha nyumba yake. Pale watu wa sokoni wanapita na wa kanisani wanapita, na uani kwake hapiti mtu. Asipovuka, watoto hawali. Akivuka, kuna pikipiki. Kila asubuhi nilikuwa nasimamisha mashini, naacha mguu juu ya pedali, nashika pumzi mpaka nione sufuria imefika ng'ambo. Hayo ndiyo mazoezi yangu ya mwili.

Siku moja pikipiki ilimpita karibu mno, ikamvua kitenge cha begani. Hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwa shefu wa avenyu, mzee mstaafu anayependa mikutano kuliko chakula, na Jumapili baada ya misa tukaitwa wote uani kwake. Hata mimi nilivaa viatu.

Kila mtu alikuja na sheria yake. Mmoja hakutaka klaksoni. Mwingine hakutaka watu kupakiana kama magunia. Wamotari walisemewa na kijana mmoja anayekaa nyuma ya kwetu, alikuja na jile, kile kizibao chake cha kazini, ingawa pikipiki aliiacha nyumbani.

"Muzee," alimwambia shefu, "sisi hatukatale sheria. Ila tunachoka. Banatusimamisha ku rompwe ya barabara kubwa, banatusimamisha ku soko, sasa na mama ya mandazi naye atatusimamisha?"

"Mutoto yangu, mimi sikusimamishe," mama akamjibu. "Mimi nakuomba tu usiniue."

"Nani anataka kukuua, mama? Na mandazi tutakula wapi?"

"Njo maana nakuambia. Ukiniua, utashinda njaa."

Watu walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichopitisha sheria. Motari apunguze mwendo tangu anapoingia avenyu mpaka apite duka la dawa. Abebe abiria mmoja. Asipige klaksoni ovyo. Na kabla ya kona tuweke dodani, ya makoro na udongo, tuibebe wenyewe siku ya kazi za jumuiya.

Kusikia neno kubeba, mgongo wangu ulianza kuuma papo hapo. Nikasimama. "Dodani bila kibao itaangusha watu," nilisema. "Lazima apatikane mtu wa kuandika." Nikatazama huku na huku kana kwamba namtafuta mtu huyo. Shefu akanipa kazi. Wenzangu wakabeba mawe juani, mimi nikakaa kivulini na burashi.

Sheria ziliandikika vizuri. Nilipofika kwenye dodani nikakwama.

"Andika dodani, tumalize, nataka kutandaza nguo hapo," mke wangu alisema.

"Dodani si Kiswahili."

"Ni nini basi?"

"Ni Kifaransa kilichoharibika."

"Na wewe ni nini?"

Ningemsikiliza, huenda tusingefika tulipofika. Nilichovya burashi, nikaandika kwa mkono wangu wa shule, ule wenye mikia: MOTARI, UNAINGIA PENYE SHERIA. PUNGUZA MWENDO. BEBA ABIRIA MMOJA. ACHA KLAKSONI. MBELE YAKO KUNA MGONGO WA PUNDA.

Kibao kilisimikwa jioni. Asubuhi nilikaa dirishani kungoja sifa.

Motari wa kwanza alifunga breki mpaka gurudumu la nyuma likateleza. Akasoma. Akasoma tena, midomo ikicheza. Akasogea taratibu hadi kwa mama, aliyekuwa ndiyo kwanza anatua sufuria.

"Mama, kumbe mu hii avenyu kuna punda?"

"Banasema."

"Eko wapi?"

"Uliza ule fundi ku dirisha. Yeye njo anamujua."

Nilirudisha kichwa ndani. Lakini dirisha halina mlango wa nyuma. Siku ile nzima walisimama, wakasoma, wakacheka, wakauliza. Abiria walishuka ili wapigwe picha na kibao. Msukuma chukudu mmoja, mwenye mzigo wa viazi vya kutoka Kiwanja, aliegemeza ile baiskeli yake ya mbao ukutani kwangu, akajifuta jasho na kuniita kwa adabu kabisa: "Papa, kama huyo punda eko kweli, munikodishie. Miye ninachoka kusukuma." Hakuwa anatania. Nilimwona usoni.

Na kila aliyesimama kwa ajili ya punda aliona mandazi. Mama alikuwa anamaliza unga kabla jua halijawa kali. Kila asubuhi alivuka na mbabula, akarudi, akavuka na sufuria, na pikipiki zilikuwa zimesimama kama ng'ombe mnadani, wenyewe wakibishana kama punda anaishi Mabanga au Murara. Mguu wangu haukusimama tena juu ya pedali. Nilikuwa nashona bila kushika pumzi.

Yaliyonishinda ni haya. Wateja wapya walikuwa wanabisha hodi wakiuliza, "Hapa njo kwa ule papa wa punda?" Kanisani, wakati wa kupeana amani, mtu alinishika mkono, akainama na kuninong'oneza, "Amani ya Kristu, na salamu kwa punda." Mke wangu alicheka mpaka kwenye komunyo. Hayo yote niliyameza. Kisha akapita mtu tuliyesoma naye, siku hizi yuko ofisini, anavaa shati la mikono mirefu hata kwenye joto. Alishuka kwenye pikipiki, akasimama mbele ya kibao muda mrefu, akaja dirishani kwangu.

"Sisi tuliosoma pamoja?" alisema. "Kwa mwalimu yule yule?"

Akaondoka bila hata kununua andazi.

Jioni ile nilitoka nyumbani kwa hiari yangu, jambo ambalo lilimshtua mke wangu kiasi cha kuniuliza kama naumwa. Nilifuta kila kitu. Nikaandika upya, bila mikia, kama kibao cha barabara kuu: PUNGUZA MWENDO. MBELE DODANI. Kilipendeza. Kilikuwa sahihi. Kingeweza kusimama mbele ya ofisi yoyote.

"Umeua punda wetu bure," mke wangu alisema aliporudi kutoka kuchota maji, akakitazama mara moja tu.

Hakuna aliyekisoma tena. Motari wetu wa nyuma ya nyumba alikuwa wa kwanza kunijulisha. "Papa, sasa iko kama bingine yote," alinipigia kelele akipita, na alikuwa anapita haraka. Mvua nazo zilikuwa zimelilaza lile tuta, udongo umeondoka, makoro yamezama. Pikipiki zilikuwa zinaligusa na kuruka, zinatua karibu na kona. Nikaanza tena kusimamisha mguu juu ya pedali na kushika pumzi. Niliona yote hayo kutoka kwenye kiti changu, nikayaona siku baada ya siku, na kila siku nilisema moyoni kwamba kesho nitamwambia shefu aitishe watu waongeze mawe. Lakini kumwambia shefu ni kuvaa viatu.

Halafu ikafika asubuhi ile. Mama alikuwa amekwisha kupeleka mbabula na amerudi kuchukua sufuria. Alifika katikati ya barabara. Motari hakuwa wa kwetu, alikuwa mpita njia mwenye abiria nyuma na gunia mbele. Alipita kibao, akagusa tuta, gurudumu la mbele likapanda hewani. Nilisimama nikaangusha kiti. Mama aliitupa sufuria mbele yake kwa nguvu zake zote, yeye mwenyewe akarudi nyuma, na pikipiki ikapita katikati, kati yake na mafuta yake, ikaenda kuanguka kwenye changarawe.

Nilitoka na kandambili moja yangu na moja ya mke wangu. Mafuta yalikuwa yanatokota juu ya mawe, vitambaa vya iniforme vimeanguka pale pale. Mengi yalimkosa. Yaliyobaki yalimshika juu ya mguu, toka kidole gumba hadi kwenye kifundo, na ngozi ilikuwa imeanza kuvimba. Abiria alikuwa mzima, gunia limepasuka. Motari alikuja anachechemea, magoti yamechubuka.

"Mama, unisamehe. Sikuone kibao."

Sote tuliangalia kibao. Kilikuwa pale, kipya, safi, kila herufi mahali pake.

Tulimkalisha mama mlangoni kwangu, mke wangu akaleta beseni la maji ya baridi, akaingiza mguu ndani. Mwenye duka la dawa alileta dawa ya kupaka, akasimama kando bila kusema neno juu ya moshi. Shefu wa avenyu alifika akiwa bado anafunga mkanda, akatangaza kwamba Jumapili kutakuwa na mkutano mwingine, mkubwa kuliko ule. Nami kwa kuwa sikuwa na la kufanya na mikono yangu, nikaanza kusema. Nikasema tutaongeza sheria. Nikasema nitaandika kwa herufi kubwa zaidi, labda nichore na fuvu la mtu, na chini yake maneno ya Kifaransa, ili wote waelewe.

Mama aliniacha nimalize. Kisha akainua macho kutoka kwenye beseni.

"Papa, acha mikutano. Rudisha punda. Aibu yako haiunguze mutu. Mafuta yangu inaunguza."