Kilio Bila Maiti

Katika wodi yetu, godoro lililokunjwa juu ya kitanda lina maana moja tu, na kila ndugu anayelinda mgonjwa anaijua. Asubuhi ile, baada ya kupitia vitanda, niliagiza mzee mmoja, mstaafu wa reli, ahamishiwe chumba cha oksijeni. Mfanyakazi wa usafi akakunja godoro ili apige deki. Dada wa mzee akarudi na uji, akaona. Hakuuliza mtu. Aliangua kilio, akapiga simu nyumbani, akaondoka.

Mchana mzee huyo alikuwa anavua barakoa kila tukimvisha, akimwita mkewe. Mimi ndiye daktari bingwa wa idara, mama niliyezoea kutiiwa, lakini huyu hata kunitazama hakunitazama. Kwa mapafu yale, bila oksijeni asingefika kesho. Tulimpigia mke simu, haikupokelewa. Kwa hasira nikawasha gari mwenyewe hadi mtaa wao wa Bel-Air kumleta huyo mke.

Nilikuta viti vya plastiki vimejaa barabarani. Sebuleni makochi yalikuwa yameshatolewa, wanawake wameketi kwenye mikeka wakiimba. Mkewe alikuwa katikati, nywele zimefumuliwa, miguu mitupu.

"Mama, bwana yako iko muzima," nilimwambia. "Anakuita."

Wimbo ulikatika. Nilitegemea vigelegele, jamani, hata makofi! Hakuna aliyesogea. Mama yule alinitazama kwa huruma, kana kwamba mfiwa ni mimi.

"Docteur, asubuhi alipita hapa. Alikohoa ku mulango. Kikohozi ya bwana yangu, miye siijue?"

Wenzake waliitikia kwa vichwa. Wote walikuwa wamekisikia. Nywele zilinisimama, na mimi ni mtu wa picha za mapafu na vipimo vya damu. Nilimshika mkono, nikasema tuende, naye akanifuata bila viatu.

Tulipoingia chumba cha oksijeni, mzee alifumbua macho. Alizitazama zile nywele, ile miguu yenye vumbi, kitenge kilichofungwa kiunoni kama wafungavyo wafiwa. Akaisogeza barakoa.

"Ni nani alikufa?"

Nilitaka kuingilia kati. Mke akanitangulia.

"Ni weye, ba papa."

Niliogopa moyo wa mzee utasimama pale pale. Yeye akaonyesha kwa kidole sakafu kando ya kitanda.

"Basi ulie hapa karibu, nisikie," alisema, akairudisha barakoa mwenyewe.

Mama aliketi sakafuni, akamlilia bwana yake kwa sauti, akimshukuru kwa watoto na kwa nyumba. Muuguzi alinitazama, akingoja niamuru anyamaze. Nilishindwa. Mzee alisikiliza macho wazi, mikono imetulia juu ya shuka, na kipimo cha oksijeni kidoleni kikaanza kupanda. Tangu asubuhi hakuwa amepumua vizuri namna ile.