Volcan ya Prof Malachie

Mu Kamina yote, muntu wa kupenda volcan, ile milima ya kutapika moto, kupita Prof Malachie, hakuna. Na hajaonaka hata moja! Alikuwa na picha moja tu, mu kitabu yenye bapanya balikula nusu. Unamuuliza habari ya nyumba, anakujibu habari ya lave, ule uji ya moto. Muke wake, Mama Phébé, alikuwa anasema: "Nilizania niliolewa na bwana, kumbe niliolewa na mulima."

Ilikuwa 1999. Vita haikufika Kamina, lakini bantu yenye ilifukuza balikuwa banafika kila siku. Ba avion, ndege ya base ya basoda, ilikuwa inapita chini-chini, leçon inasimama, mwalimu anangojea na craie mu mukono. Mushahara, tusiongee. Ba prof bengine balianza kulima. Malachie, mutoto wa pasteur méthodiste, kravati ku shingo hata siku ya jua kali, yeye alianza kuchoma makala. Kwa kujificha! Anaenda nyuma ya reli, saa muzima ya kutembea, mahali bachoma makala bengine habafikaka. Anapanga miti, anaifunika na udongo, anawasha, anaacha matundu kiloko ya moshi. Ile four, tanuru ya makala, inaiva polepole, siku nane. Kisha anarudia, ananawa mara tatu, anavaa kravati yake, bonjour bonjour. Juu ba élève bakijua prof iko anachoma makala, ataenda kufundisha wapi tena? Mwezini?

Sasa, siku moja ya jeudi, alifundisha supervolcan.

"Batoto, musizanie ni mulima ya ncha. Supervolcan, mara mingi hauone mulima! Ni udongo tu, inavimba polepole. Moshi kiloko inatokea mu matundu. Unakanyaga, unasikia moto chini ya muguu. Kisha siku moja inapasuka, na udongo ya juu inaanguka ndani. Inabakia shimo, kubwa kupita Kamina."

Aliongea habari ya volcan ya Toba, kule Indonésie, miaka elfu makumi saba na ine iliyopita. Majivu yake ilivuka bahari mpaka mu Afrika. Moshi ikafunika jua, baridi ikaingia. "Ile kintu haiuwe na moto tu," alisema. "Mashamba inakufa, njala njo inamaliza bantu."

Paf, bakapiga kengele. Alikuwa hajafika ku sehemu ya pili: inatokea wapi, na mara ngapi.

Mu ile classe mulikuwa Lise, miaka kumi na mbili. Alifika Kamina na bibi yake muzee, Nkambo Déborah, siku kenda ya kutembea toka Kinkondja. Bantu ya ziwa: moshi ya samaki banaijua tangu kuzaliwa, lakini makala banaionaka tu mu mufuko, ku soko. Kesho yake, vendredi, Lise akaenda kutafuta bowa, uyoga ya pori, nyuma ya reli, bakatie mu supu. Akaona udongo imevimba. Moshi kiloko mu matundu. Akaweka muguu: moto! Bowa ilibakia pale pale.

Kesho yake tena, samedi asubui, Mama Phébé alirudia toka ku maji.

"Baba Malachie, ile mutoto wa Kinkondja na nkambo wake beko banafunga mizigo. Banasema volcan iko nyuma ya reli."

Prof akaacha chai. "Nyuma ya reli wapi?"

"Unaniuliza minyi? Volcan ni ya weye."

Alikimbia. Alibakuta mu barabara, karibu tu na nyumba yabo. Nkambo Déborah alikuwa amekaa juu ya muzigo, miguu imefungwa na bitambaa, pumzi imeisha. Ile muzee hangefika hata ku daraja.

"Nkambo, hakuna volcan."

"Mwalimu, si weye njo ulimufundisha? Udongo inavimba, moshi, moto chini ya muguu. Ulisema ao haukusema?"

"Nilisema, lakini..."

"Basi. Kule kwetu balituambia bunduki iko mbali, tukangojea. Batoto wangu babili balibakia. Mara hii singojee."

Malachie akaangalia ile miguu. "Nkambo, ile moshi ni yangu. Ni makala. Minyi njo ninachoma."

Muzee akamuangalia toka viatu mpaka kravati. "Weye? Muntu ya kravati? Unanidanganya juu niko muzee."

Maskini prof! Siku moja tu anasema ukweli, na kravati inamukatalia.

Akamubebea muzigo, bakaenda batatu, polepole. Ku four, Lise alisimama mbali. Nkambo akasema: "Kama ni makala, fungua."

Weye mwenye kuchoma makala unajua: ukifungua mbele ya kuiva, upepo inaingia, yote inawaka. Ilikuwa siku ya ine tu, na ile four njo chakula ya nyumba yake. Malachie akatoa kravati, akaiweka mu mufuko, akashika jembe.

Moto ikaruka! Udongo ya juu ikaanguka ndani, vuuu. Na pale ndani, miti, nusu nyeusi, nusu ingali miti.

"Prof," Lise akasema, "ni shimo kweli."

"Njo namna ile. Sasa leta mchanga, mbio!"

Batatu bakamwanga mchanga na mikono. Baliokoa kiloko, mufuko moja hivi. Kisha bakakaa chini, nyuso nyeusi, na prof akamaliza leçon: zile kubwa kabisa ni mara moja tu mu miaka makumi ya elfu, udongo inatetemeka mbele ya kupasuka, bantu banajua. "Na huku Kamina hakuna hata moja."

"Na vita, prof? Inarudiaka kisha miaka ngapi?"

"Ile, Lise, sijue."

Nkambo Déborah akaanza kucheka, kucheka mpaka machozi. "Vidye, Mungu wangu! Bunduki ilitufukuza siku kenda, sasa makala njo ilitaka kutumaliza. Mwalimu, tunabakia. Lakini ile muzigo, utairudisha weye."

Akairudisha, ku kichwa, uso nyeusi tii. Mbele ya église nusu ya classe ilikuwa inafanya répétition ya kwaya. Wimbo ikakatika.

"Bonjour, prof..."

"Bonjour, batoto," akasema bila kusimama. "Lundi ku masomo, muje na mikono ya kazi. Niko na four ya kujenga."