Saulo Juu ya Gari la Mumiani

Mwaka hamsini na nne, gari jekundu la Isihaka, mfanyabiashara wa Mbeya mjini, lilipanda mlima wetu likihema. Isihaka akafungua rejeta ya kupozea injini, yakamwagika maji mekundu. Kabla ugali haujaiva, kijiji kizima kilijua: gari la mumiani, linakunywa damu za watu. Wakaendelea kubeba viazi kichwani hadi gulio la Iyunga, na mzee Saulo alikuwa wa kwanza kuapa hataligusa.

Basi Yudith, mke wa mwanawe Andendekisye, akashikwa na uchungu. Jua likazama, likachomoza, mtoto hatoki. Mumewe yuko Makongolosi, anachimba dhahabu.

Tusekile, mke wa Saulo, akatoka nje. "Baba Andendekisye, binti anatuacha. Gari la yule Mswahili liko hapo chini, linapakia mbao."

"La mumiani?"

"Wewe mwogope mumiani. Mimi nimeshayaona macho ya binti."

Wanawake wakambeba Yudith kwa machela, wakafika garini, wakagoma kumpakia. "Atangulie mwanamume wenu!" wakamwambia Tusekile.

Lakini kwa mila, mkwe na baba mkwe hawaonani. Akiingia Saulo, Yudith haingii.

"Mzee wangu," Isihaka akafoka, "mtu anakufa, nyie mnachagua viti?"

Saulo akajifunika blanketi gubigubi, akapanda juu ya paa, akalala kifudifudi. "Haya. Likinywa, lianze na mimi."

Baridi ya njiani ilikuwa ya kumkohoza jogoo. Kila kona Saulo alijipapasa shingo, aone kama damu bado imo.

Hospitali walimwokoa Yudith. Mtoto alitoka amekufa.

Saulo alijua maneno yanayomngoja nyumbani: gari limemnywa mtoto. Yudith akabaki hospitali, naye akarudi ameketi mbele, uso wazi, kifurushi kidogo mapajani. Watu walikuwa wamejipanga barabarani. Akamwomba Isihaka afungue rejeta, akakinga maji mekundu kiganjani, akawapitishia.

"Nuseni. Ni kutu. Kama jembe lililolala mvuani. Mtoto tumemchelewesha sisi, na mimi wa kwanza."

Wakaenda kuzika. Siku ya gulio, Tusekile akapakia viazi vyake garini, na wenzake wakafuata.

Yudith aliletwa na gari hilohilo. Saulo alisimama nyuma ya kihenge, ameipa barabara mgongo, akiusikiliza mlio wa gari mpaka ukazimika mlangoni.