Kofia ya Babu Yenye Ncha Ndefu

Mimi ni fundi wa sare za shule hapa Njombe mjini, na sebuleni kwangu nimetundika kofia tisa za wanajeshi wa zamani. Wanaocheka wacheke. Jirani mmoja aliniuliza kama nimefungua kijiwe cha bodaboda, nikamjibu kwamba helmeti zangu hazipakii abiria. Mwanamume akikusanya jezi za mpira haulizwi kitu. Mjane akikusanya kofia za vita, Jumapili watu wananong'ona juu yake hata kwenye foleni ya komunyo.

Nyingi nimeziokoa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu Makambako, kabla hazijapakiwa kwenda kuyeyushwa. Ninapozitazama natafuta kile ambacho fundi yeyote wa sare hukitafuta: nani kamwiga nani. Ninayo ya Mwingereza, nyepesi, ya kitambaa, yenye ncha juu. Hapo alimtazama Mjerumani. Ninayo ya chuma iliyoshuka hadi masikioni, ya Mjerumani mwenyewe, na sijui ni nchi ngapi baadaye ziliikata vilevile. Majeshi huibiana mitindo kama wasichana wa sekondari wanavyoibiana mtindo wa marinda.

Ya kwanza kabisa ilikuwa ya babu mzaa mama. Alikuwa mhunzi Ludewa, upande wa Liganga, na habari zake nilizipata kwa bibi. Wakati Wajerumani na Waingereza wanapigana, wanaume walikuwa wakikamatwa kubeba mizigo ya jeshi, na wengi hawakurudi. Babu alikuwa kijana anayejiandaa kuoa, na siku hizo mahari ilikuwa majembe. Alichukua majembe mawili ya mahari, akayatia motoni, akayafua mpaka yakawa kofia. Aliiga ya afisa mmoja wa Kijerumani aliyepita kijijini, ila ncha yake akaifanya ndefu kama kiganja, ili mzigo usikae kichwani. Walipomkamata wakamtwisha, na kila walipomtwisha ulianguka. Walimchapa viboko, kisha wakamwacha wakisema ni mwendawazimu. Bibi alichelewa kuolewa mwaka mzima kwa sababu ya majembe yale mawili, na alisimulia jambo hilo kwa kucheka mpaka anazeeka.

Niliikuta kwa mjomba imechomekwa ardhini kwa ncha yake, kuku wanainywea maji. Nikaiomba, nikaisugua kwa majivu, nikaitundika katikati ya ukuta.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, hakuzipenda hata siku moja. Alisema nimejaza vichwa vya wafu ndani ya nyumba ya kaka yake. Mwaka huu akatafuta mnunuzi, mtu wa Dar anayekusanya vitu vya kale, akaniambia anatusubiri gesti moja Makambako. Nikakubali. Shemeji alidhani nimechoka kubishana. Kumbe sikuwa nakwenda kuuza. Nilitaka mtu mmoja tu, anayezijua kofia kweli, aishike ya babu na kuitaja kwa heshima.

Tulizipanga kwenye meza uani. Yule bwana alikuwa na rula na picha kwenye simu, na kwa kweli alikuwa anajua. Aliinua moja baada ya nyingine, akazigeuza taratibu, akanisifu. Alipofika kwenye ile ya babu, akacheka.

"Mama, hii feki. Ona ncha ilivyopinda, halafu ndefu kupita kiasi. Hakuna jeshi lililowahi kuvaa kitu hiki."

"Hiyo ya Mwingereza imeiga ya nani?" nikamuuliza.

"Ya Mjerumani," alijibu, tena kwa furaha.

"Kwa hiyo nayo ni feki?"

"Hapana, mama. Ule ni mtindo."

"Mzungu akiiga ni mtindo. Babu yangu akiiga ni feki."

Akairudisha rula mfukoni. Shemeji akakohoa. "Shemeji, usituaibishe mbele ya mgeni."

Niliwaka, na sijutii. Nikawaambia hakuna kofia itakayouzwa, hata moja. Shemeji akajifanya hakusikia. Akazipanga zile nane ndani ya boksi, akalifunga kwa kamba.

"Hiyo ya kuku baki nayo," akasema. "Hizi nimeshaahidi. Njoo ulipeleke boksi kwenye gari la mgeni."

Akaliinua, akanijia nalo, bila kuwaza. Kwetu mwanamke akiwepo, mzigo hautafuti kichwa kingine. Na mimi, namshukuru Mungu sikulia, ingawa machozi yalikuwa karibu. Niliichukua kofia ya babu mezani, nikaivaa, nikainua kidevu.

"Haya, shemeji. Nitwishe."

Alilishikilia boksi hewani juu ya ile ncha. Alilisogeza kulia, akalisogeza kushoto. Hakupata pa kulitua. Yule bwana wa Dar aliitazama kofia kwa muda mrefu, safari hii bila kucheka, kisha akasema, "Mwache mama aende na vitu vyake."

Boksi lilibebwa na shemeji mwenyewe hadi stendi ya magari ya Njombe. Mimi nilitangulia na kofia kichwani, nikiwasalimu wenye kushangaa, "Kamwene, kamwene," na sikuivua mpaka nyumbani.