Zamu ya Jumatano

Kwanza nilisikia viatu vya plastiki vikipiga sakafu ya korido, taratibu, vikisimama kwenye kila mlango. Sikuinua macho. Tangu asubuhi nilikuwa nikiondoa programu ya hifadhidata kwenye seva yetu ya Linux, na joto la Voi lilikuwa limeninyonya nikabaki vidole tu. Mradi wa mifereji ya milimani ulikuwa umekwisha. Mashine ilikuwa inakwenda ofisi nyingine, na mkubwa wetu aliagiza isibaki na chochote chetu.

Programu nilikuwa nimeisimamisha na kuiondoa. Lakini ukiiondoa, data hubaki palepale kwenye folda yake. Nilikuwa nimeshaandika amri ya kuifuta folda hiyo, bado kubonyeza tu, niliposikia hodi.

Alikuwa mama wa makamo, matope mekundu yamemkaukia visiginoni.

"Nimetoka Bura. Nataka ile orodha ya zamu za maji."

"Umechelewa, mama. Mradi umefungwa."

"Mradi ndio umefungwa. Mfereji bado."

Akaketi bila kukaribishwa. Mume wake alikuwa amefariki mwezi uliopita. Kwao zamu huandikwa kwa jina la mwenye shamba, na jirani wa upande wa juu wa mfereji alikuwa ameanza kuyafunga maji kila Jumatano, akisema zamu ya marehemu imekwenda naye. Daftari la kamati ya mfereji tulikuwa tumeletewa sisi, tuliingize kwenye kompyuta. Tukaliingiza, kisha tukaliweka stoo, mchwa wakalimaliza.

"Hilo sanduku lenu limekula daftari letu," alisema. "Sasa litapike."

"Mama, tangu asubuhi nimekuwa nikiondoa."

"Basi rudisha. Kabichi zangu zinakauka, na wewe umekaa kwa kiti."

Niliifuta ile amri herufi moja moja. Nikatafuta CD, nikaiweka programu upya, nikaielekeza kwenye folda yake ya zamani. Kazi ya asubuhi nzima nikaitengua kwa mikono yangu mwenyewe. Printa ikaanza kukwaruza.

Alipitisha kidole kwenye karatasi hadi Jumatano, saa nane mchana. Akalisoma jina la mumewe kwa sauti ndogo.

"Niliondoe, niweke lako?"

"Ukiweka langu, watasema nilikuja mjini kujiandikia. Muache. Kamati itaniandika yenyewe, mbele ya watu, ikishamwona hapa."

Nikagonga muhuri wa mradi, mara ya mwisho. Akaikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la leso.

Nikaanza tena. Nikasimamisha programu, nikaiondoa, nikafuta na akaunti ya programu hiyo. Nilipofika kwenye folda, akasogea.

"Hapo ndipo anapotoka mume wangu?"

"Ndiyo, mama."

"Haya."

Nikabonyeza. Alikitazama kioo cha kompyuta mpaka mstari wa mwisho ukatulia, kisha akainuka. Viatu vyake vikavuka kizingiti, na mlango akauvuta nyuma yake polepole, kama wa chumba alimolala mgonjwa.