Mashavu na herufi aliyoifuata kwa kurudi nyuma

Saa tatu asubuhi, Dindira. Ukungu unaanza kuachia mashamba ya chai, na Mashavu Sadala anaingiza gia ya kurudi nyuma. Fuso imebeba mifuko mia moja na arobaini ya mbolea. Njia ya kufika ghalani ni nyembamba, kulia ukingo wa udongo, kushoto bonde. Gari kubwa halina pa kugeuzia. Ukitaka kushusha mzigo mlangoni, unapanda kinyumenyume tangu barabarani.

"Njoo, mama, njoo!" anapiga kelele Pendo, mtunza ghala.

Mashavu hamtazami. Anatazama kioo cha kushoto, kisha cha kulia. Mkono mmoja uko kwenye usukani. Gari linapanda taratibu na kusimama hatua mbili kutoka mlangoni. Wapakuzi wawili waliokuwa wamekaa juu ya magunia wanasimama.

"Dereva wa wiki iliyopita alituachia mzigo kule chini," anasema Pendo. "Tulibeba kichwani hadi saa tisa."

Mashavu ana miaka arobaini na mbili, ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Sindeni, Handeni. Leo kazi yake ni kuendesha lori kati ya Sindeni, Korogwe na milima hii. Miaka miwili iliyopita kazi hii ilimponyoka barabarani, mchana kweupe, watu wakitazama.

Alianzia kwenye trekta. Marehemu baba yake, mzee Sadala, alikuwa akilima mashamba ya watu kwa kukodishwa, na macho yalipomdhoofikia alimkabidhi binti usukani. Kwa miaka kumi na miwili Mashavu alilima Sindeni nzima, na wakati wa mavuno alivuta tela la mahindi. Leseni alikuwa nayo, tena halali. Kadi yake ilikuwa na herufi mbili: G ya mitambo ya shambani, na D ya magari madogo ya kawaida, aliyoipata ili aendeshe pikapu ya kaka yake.

Shemeji yake Faraji, dereva wa bodaboda, hakuacha kumchokoza. "Mimi nina A, shemeji. Wewe una D na G. Shuleni ungerudishwa darasa!"

"Hiyo A yako ni ya pikipiki," Mashavu alimjibu. "Siku utakapovuta gunia themanini, uje tuongee."

Kisha Kalpesh, mfanyabiashara wa mbolea na nafaka mjini Korogwe, akakosa dereva. Alikuwa amemwona Mashavu akipakia mahindi, akampenda kwa utulivu wake. Alimuuliza kama ana leseni. Akajibu anayo. Kalpesh hakuomba kuiona, na hapo wote wawili walikosea.

"Nilipiga hesabu yangu," anasema Mashavu, akicheka sasa. "D ni gari. G ni mzigo. Nikavijumlisha, nikapata lori."

Safari ya kwanza iliishia Makuyuni. Askari wa usalama barabarani, kijana, aliinama dirishani.

"Shikamoo, mama. Leseni."

"Marahaba. Hii hapa."

Akaisoma, akalitazama lori, akaisoma tena. "Mama, lori la uzito huu linataka E. Hapa hatujumlishi herufi."

Mashavu alikaa juu ya jiwe kando ya barabara kwa saa nne, mpaka dereva mwingine alipokuja kulichukua gari. Watu waliomfahamu walipita wakimwona. Kalpesh alilipa faini na hakufoka, lakini alisema neno ambalo Mashavu bado analikumbuka.

"Mama Ikram, nakupa miezi minne. Ukileta E, gari ni lako. Bila E, hata funguo usiguse."

Kwa bahati D yake ilikuwa na zaidi ya miaka mitatu, sharti la kupanda kwenda E. Alijiandikisha chuo cha udereva Korogwe na kulipa shilingi laki mbili na nusu, pesa ya mbuzi watatu. Akapimwa macho, akapata leseni ya kujifunzia. Alama za barabarani alizimeza. Kilichomshinda ni vioo.

Kwenye trekta unageuza mwili mzima na kulitazama tela kwa macho yako. Kwenye lori ukigeuka unaona bati tu. Chuoni alikuwa akipata nusu saa ya gari kwa wiki, na kila mara alipotea.

Basi akachukua kioo cha kujitazamia cha binti yake Ikram, akakipasua vipande viwili. Akavifunga kwa mipira ya baiskeli kwenye ncha za mbele za madigadi ya matairi makubwa ya trekta, kimoja kila upande. Kila jioni alifunga tela, akafunga na shingo yake kwa kanga ili isigeuke, akarudi nyuma katikati ya mistari ya mahindi.

Sindeni ikacheka. "Mashavu siku hizi anajipodoa shambani!"

Aliangusha mahindi ya kutosha wiki ya kwanza. Wiki ya nane hakuangusha hata bua.

Siku ya mtihani walikuwa tisa, mwanamke akiwa yeye peke yake. Mkaguzi, Afande Laurenti, alileta lori lenye tela na kupanga mapipa ya kupita katikati kwa kurudi nyuma. Wanaume watatu waliotangulia waligonga. Mmoja alimwambia, "Dada, kaa tu utazame, usije ukaaibika."

Tela ukitaka liende kulia, usukani unauzungusha kushoto. Wenzake walikuwa wakiwaza hilo. Mikono ya Mashavu ilikuwa imelijua miaka kumi na miwili, na sasa macho yalikuwa yamejifunza vioo. Aliingia mara moja, pipa halikutikisika.

Afande Laurenti alizunguka gari zima kabla ya kuandika. "Mama, umejifunzia wapi?"

"Kwenye mahindi, afande."

Kadi mpya ilitoka wiki ya mwisho ya ile miezi minne ya Kalpesh: D, E, G. Kalpesh aliisoma mbele na nyuma, kisha akaweka funguo mezani. Siku hizi Mashavu anapata shilingi laki nne na nusu kwa mwezi, na posho ya safari. Ikram yuko kidato cha tatu.

Mchana, akishuka na gari tupu kurudi Handeni, anasimamishwa Makuyuni. Ni askari yuleyule.

"Shikamoo, mama. Leo umejumlisha nini?"

"Marahaba. Soma mwenyewe."

Anasoma, anamrudishia kadi, anapiga saluti ya utani. Mashavu hacheki sana. Amebakiza mwaka mmoja na miezi mitano E yake itimize miaka mitatu, ndipo aruhusiwe kuomba C, herufi ya mabasi makubwa ya abiria. Anataka njia ya Handeni hadi Korogwe.

"Na nitapita hapahapa," anamwambia askari, akiingiza gia. "Lile jiwe nililokalia, abiria wangu wote nitawaonyesha."